Kidole Kilichopanda Bendera

"Nilifunga mlango mimi."

Kimya kidogo. Kisha kitu kikalia tk, kama ukucha juu ya meza.

"Nilifunga mlango mimi."

Tk.

Inspekta alisimama katikati ya korido isiyo na taa, kiganja kimoja ukutani. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, imekauka kwa moshi, na ilitoka nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo kule mwisho. Aliijua. Ilikuwa ya mlinzi wa ghala lililoungua, na kesho asubuhi hakimu angeisikia na yeye. Watu walikufa mle ghalani wakigonga mlango uliofungwa kwa nje. Hakimu akishasikia maneno matatu hayo, mlinzi angerudi rumande na vifo vyote mgongoni.

Inspekta akauvuta mlango.

Ndani aliketi mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, miguuni kandambili. Kampuni nzima ya filamu ilimwita Mkasi, maana alikuwa akikata filamu tangu enzi za kukata kwa wembe. Mbele yake kompyuta kubwa ya rangi ya majivu ilivuma kama mgonjwa wa pumu.

"Mzee, nilikukataza kuigusa mashine hii."

"Siigusi, afande. Naisikiliza." Akainua vidole vyake hewani vionekane. "Nimegonga kitufe cha kurudia tu. Daktari naye humsikiliza mgonjwa kabla hajamshika."

"Wewe si daktari. Wewe ni mtuhumiwa."

"Basi mtafutieni mgonjwa daktari mwingine. Yule mliyempa amemwandikia cheti cha kifo na bado anapumua."

Daktari huyo alikuwa meneja wa ufundi wa kampuni. Polisi walimwomba aikague mashine, naye akaandika kwamba mahojiano ya mlinzi, yaliyorekodiwa kwa filamu iliyoagizwa na mwenye ghala, yalikatwa humu, kwamba hakuna kilichobaki zaidi ya kipande kilichokatwa, na kwamba anayeitumia mashine hii ni mtu mmoja tu. Inspekta aliipokea taarifa ile kama ilivyo. Kilichomrudisha leo ni mtoto wa mlinzi, fundi cherehani, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi na hataki kuondoka.

"Afande, baba yangu ana maneno marefu," alisema yule dada. "Ukimwuliza saa, atakueleza saa ilinunuliwa wapi. Maneno matatu? Baba yangu hajawahi kusema maneno matatu akanyamaza, hata siku ya posa ya mama."

Mlinzi mwenyewe, mikono imefungwa bandeji, koo lililoungua limefunga tangu siku ya mahojiano, alikuwa ameandika kwenye karatasi kwa shida kwamba alisema mengi. Kadi iliyorekodi mahojiano yale hospitalini ilikwisha kufutwa ikarekodiwa arusi. Na mpiga picha, alipohojiwa, alijibu bila haya: "Mimi husikiliza kama sauti inakwaruza, afande. Maneno si kazi yangu."

Inspekta akavuta kiti. Chumba kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Kuta zote zimevikwa sponji nyeusi juu ya mabati ili sauti isiingie wala isitoke. Akatazama simu yake. Mtandao hakuna.

"Humu simu ni tochi tu," Mkasi akasema. "Na mlango ukiufunga, kitasa cha ndani kilivunjika zamani. Tunafungulia ile." Akaelekeza kidevu kwenye bisibisi iliyoning'inia kwa uzi kwenye msumari, kando ya mlango. "Tumeomba fundi. Tumeambiwa bajeti yote imekwenda kwenye toleo jipya."

"Nieleze hilo toleo jipya."

Mzee akacheka bila furaha. "Afande, chukua nyumba yako. Umelala, umeamka, umekuta watu wamehamisha jiko wamelipeleka chumbani, na kitanda wamekileta jikoni. Wamekusimamia mlangoni wanakuambia, hongera, sasa nyumba ni ya kisasa. Ndiyo hiyo. Programu yetu ya kuhariri tuliijua kama tunavyojua midomo yetu. Wenye nayo wakaigeuza juu chini. Vitufe vyote wakavihamisha. Kazi za zamani hazifunguki, na ukizifungua kwenye jipya, hazirudi tena kwenye la zamani. Ukiingia umeingia."

"Mkafanya nini?"

"Tuliwaka moto! Mwenzetu mmoja alibandua vitufe vya kibodi akavipanga upya kwa gundi. Mmoja aliacha kazi akafungua duka la ndoo na mabeseni. Tukawaandikia watengenezaji barua ya hasira, tumesaini wote. Wakajibu, asanteni kwa maoni yenu." Akatema neno la mwisho kama mbegu. "Kiongozi wa maasi unajua nani? Huyo huyo meneja wa ufundi. Alifunga kitambaa cheusi mkononi kama mfiwa. Alikuwa na haki, masikini. Siku moja umeme ulimkatikia akapoteza filamu nzima, hakuisevu. Alilia mpaka wanawake wa uhasibu wakaja kumpa pole. Tangu hapo akawa mtu wa kusevu kila akikata, kila akikohoa. Basi, kampuni ikampeleka mafunzoni. Akarudi na fulana yenye nembo ya toleo jipya kifuani, anahubiri. Ndiyo tukamwita Mwongofu."

"Na hii mashine?"

"Hii ni Bibi. Ndiyo pekee iliyobaki na toleo la zamani. Tumeikata na mtandao, maana ikiuonja tu, itajigeuza. Mtu akitaka kufungua kazi ya zamani anasema, naenda kwa bibi. Siku hizi naenda peke yangu."

"Ndiyo maana uko matatani."

"Ndiyo maana."

Inspekta akaisogelea skrini. Chini yake ulipita mstari mrefu ambapo vipande vya picha hupangwa kama mabehewa. Palikuwa na vipande vichache tu: uso wa mlinzi, moshi, ukuta mweusi, uso tena. Juu ya kila mahali palipokatwa ilisimama bendera ndogo ya kijani. Bendera tupu, haina maandishi.

"Hizi ni za nini?"

"Ni alama. Mtu huzipanda akitaka kukumbuka jambo. Mteja akisema hapa ongeza muziki, unapanda bendera, unaiandika." Mkasi akakunja uso. "Hizi hazina neno. Sijui nani amepanda mchicha kwenye kazi ya watu."

"Meneja ameandika kwamba ni tabia yako."

"Tabia yangu?" Mzee akainuka nusu, mshipa wa shingo umetuna. "Fungua kazi yangu yoyote humu! Yoyote! Ukikuta bendera tupu, nifunge pingu na kandambili hizi hizi!"

"Keti, mzee. Kata kitu. Chochote."

Mkasi akaketi. Akafungua picha za barabara fulani, akakata. Mara vidole viwili vikaenda kwenye kona ya kibodi, vikabonyeza pamoja. Akakata tena. Vidole viwili, kona ile ile. Hakuvitazama. Alikuwa kama mtu anayejipapasa mfuko kuhakikisha funguo zipo.

"Vidole vinafanya nini pale?"

"Vinasevu."

Bendera haikuota hata moja.

Inspekta akatoka mpaka mlangoni akaita. Alikuja msichana mwenye hedifoni shingoni na suruali iliyopasuliwa magotini kwa makusudi. Alikuwa mhariri mdogo kuliko wote, na kwa kuwa hakuwahi kutumia toleo jingine, walimwita Mpya.

"Shikamoo Bibi," akaiambia mashine, akacheka.

"Hata marahaba hupati," Mkasi akamjibu. "Umechelewa kuja kumwona."

"Wazee nyie mnavililia vitufe kama watoto wa kuachishwa ziwa."

"Na wewe unayekula kwa kijiko cha mashine, siku ikikataa kukulisha?"

"Keti ukate," Inspekta akasema.

Mpya akaketi. Akabonyeza hapa, picha ikakimbia. Akabonyeza pale, picha ikapotea. "Jamani, hii ni gari la usukani wa nyuma!" Baada ya kuhangaika akapata pa kukatia, akakata mara mbili, akainua mikono. Bendera hazikuota.

"Husevu?" Inspekta akauliza.

"Kusevu?" Mpya akamtazama kama ameulizwa kuhusu punda. "Mimi sijawahi kusevu maishani mwangu, afande. Toleo jipya linajisevu lenyewe. Kitufe wameweka, ni herufi M, mguso mmoja tu. Ila nani anakitumia? Labda mtu mwenye hofu zake."

Mlangoni mtu akakohoa.

Meneja wa ufundi alikuwa mtu nadhifu, ndevu zimechongwa, nembo kifuani. Alisimama amejiegemeza kwenye fremu, karibu kabisa na ule msumari, na kidole chake cha shahada kilikuwa juu ya mbao.

"Afande, bado uko na huyu mzee wangu?" Tk, kidole kikagonga. "Nilishaeleza kila kitu kwenye taarifa." Tk. "Mashine hii ilitakiwa kutupwa." Tk.

"Hizi bendera, kaka."

"Ugonjwa wa toleo la zamani. Wanapanda alama kila mahali." Tk. "Simlaumu. Mabadiliko yanauma. Mimi mwenyewe yaliniuma." Tk.

"Mwenye ghala aliyeagiza filamu hii unamfahamu?"

"Mteja kama wateja wengine." Tk.

Inspekta akaitazama skrini, si yeye. "Sawa. Jioni hii hii gari letu linakuja kuichukua Bibi. Kuna mtaalamu wa nje ataipekua mpaka mifupa, kabla ya mahakama."

Safari hii kidole hakikugonga.

"Vizuri sana," meneja akasema. "Mpya, rudi chumba cha kusomea. Ile sauti ya tangazo inatakiwa leo."

Mpya akapachika hedifoni masikioni, akapita. Nyayo zake zikafifia kwenye korido. Inspekta alikuwa ameinama akizisoma tena zile bendera, Mkasi akimwonyesha. Nyuma yao kitu kizito kikasema buf, bila kishindo, kama mto uliotupwa kitandani.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Mkasi akaangalia msumari. Uzi ulining'inia peke yake.

"Bisibisi," akasema.

Inspekta akaupiga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa kitako cha kiti. Sponji ikameza kila pigo. Akaita. Sauti yake ilikufia mdomoni. Akaingiza kalamu kwenye tundu la kitasa, ikavunjika. Mkasi akajaribu kwa ukingo wa sarafu, ikazunguka bure.

Taa ikazimika. Feni ikapunguza mwendo, ikalalama, ikasimama. Kilichobaki kuwaka kilikuwa skrini ya Bibi, na chini ya meza kitu kikaanza kulia: pi. Pi.

"Ni betri ya akiba," Mkasi akasema gizani. "Amekata umeme wa chumba hiki pekee. Ikizimika hiyo, na Bibi anazimika."

"Watu wanatoka kazini saa ngapi?"

"Wameshaanza kutoka. Askari wako wakija, atawaambia umeshaondoka. Watasema umeme ulikatika na mlango ule mbovu ukajifunga. Kesho watakuja kutufungulia, watatupa pole." Akafuta jasho. "Na hakimu atakuwa ameshasikia maneno matatu."

Pi.

Joto likaanza kupanda kutoka sakafuni. Inspekta akavua koti. Mkasi aliendelea kuusukuma mlango kwa bega, polepole, kwa ukaidi wa mtu anayejua kwamba haufunguki.

"Walisukuma hivi hivi," mzee akasema. "Kule ghalani."

"Acha mlango, mzee. Njoo huku." Inspekta alikuwa amekaa mbele ya skrini. "Bibi ukimbonyeza M, anafanya nini?"

"Anapanda bendera."

"Na kwenye toleo jipya M ni nini?"

"Kusevu. Yule mtoto amesema." Akasita. Kandambili zikaburuzika hadi kwenye kiti. "Ngoja."

"Mtu huyu alikaa hapa," Inspekta akasema. "Akakata. Akabonyeza M akidhani amesevu. Bendera ikaota. Akakata, M, bendera; mwisho, alipofunga, Bibi lazima alimwuliza kama asevu, akakubali. Hakuzijali, alikuwa na haraka, au alidhani zilikuwapo. Sasa nani? Wewe una hofu ya kupoteza kazi, unasevu kila ukikata, lakini kidole chako kiko kwenye kona ya zamani. Mpya kidole chake ni cha kisasa, lakini hofu hana, hajasevu maishani. Namtafuta mtu mwenye hofu ya zamani na kidole kipya."

Pi, ikalia betri.

"Aliyelia mpaka uhasibu wakaja," Mkasi akanong'ona. "Kisha akaongoka."

"Anagonga hata mbao. Kila akimaliza sentensi, anaisevu."

Mzee akacheka, cheko fupi la kikohozi. "Mazoea yana taabu, wallahi. Alikuja kwa Bibi ili dhambi iwe yangu, na mkono wake ukamsaliti." Kisha akaacha kucheka. "Lakini afande, bendera si sauti. Hakimu utamwambia kidole? Atakuuliza mlinzi alisema nini."

"Atauliza, ndiyo." Inspekta akageuza kiti wakatazamana. "Basi nijibu haraka. Mtu huyu vidole vyake viko kwenye toleo jipya, kwa hiyo na akili yake iko huko. Alifuta mahojiano asilia akaondoka. Toleo jipya linafanya nini ukifunga kazi, ambacho Bibi hafanyi?"

"Linajisafisha. Takataka zote za kazi linazifagia lenyewe."

"Na Bibi?"

Mkasi alikwisha kukivuta kibodi. Akatoka kwenye kazi, akaingia kwenye folda, ndani yake folda nyingine, ndani yake nyingine, akinung'unika kama anayetafuta sindano kwenye nyasi. "Bibi hafagii. Bibi anamsubiri mwenyewe amfagilie. Ukimpa picha, kwanza anaichuja sauti yake pembeni, ili isikwame ukiicheza. Nzima, kabla hujakata. Kama hukuifuta kwa mkono..."

Pi. Pi. Sasa ilikuwa ikilia kwa haraka.

"Hii."

Faili moja, jina lake tarakimu tupu. Akaibonyeza.

Ilianza kwa kikohozi. Kitanda cha hospitali kikalia. Kisha sauti ile ile iliyokaushwa na moshi ikajaa chumbani, pana, haina haraka.

"...ndiyo nakuja huko, usiniharakishe, kijana. Wanasema nilifunga mlango mimi. Basi nani alinipa funguo? Funguo mchana ule alikuja kuzichukua tajiri mwenyewe, akasema wafanyakazi wanaiba, akafunga kwa mkono wake. Nikamwambia, bosi, ndani mna watu. Akasema, jioni watafunguliwa. Mpwa wake alikuwa anamsubiri garini, yule wa ndevu, anagongagonga mlango wa gari kwa kidole kana kwamba anapiga ngoma. Ninyi mmejifunika nyuso zenu zote kwa barakoa humu wodini, sijui nasema na nani, lakini yule mpwa mkimtafuta atawaambia. Moto ulipowaka nilishika lile komeo kwa mikono hii..."

Inspekta hakusogea. Mkasi alikuwa amefumba macho.

"Mpwa," Inspekta akasema.

"Siku ile alikwenda hospitali mwenyewe na mpiga picha; ndiye aliyekuwa kando ya kitanda akimhoji," mzee akasema. "Ndani ya barakoa. Masikini mzee wa watu anamwambia mkamtafute, naye amesimama mbele yake."

Taa nyekundu ya betri ikaanza kupepesa. Inspekta akachomoa kijidiski kwenye mfuko wa koti, akakichomeka. "Nakili."

"Nanakili. Bibi ana miguu mizito." Mstari wa kunakili ulijikokota skrini nzima. "Tukiwa humu hadi kesho, afande, hata ukiwa nayo mfukoni itakuwa imekusaidia nini?"

Inspekta akaangaza tochi ya simu kuzunguka kuta. Sponji. Sponji. Chini ya meza, rundo la waya, na mmoja mnene wa bluu ulipenya tundu dogo ukutani.

"Huu unakwenda wapi?"

"Chumba cha kusomea. Zamani tulikuwa tunazungumza na msomaji anayerekodi sauti kule. Maiki waliing'oa wakaipeleka kwenye toleo jipya. Umebaki wa kutoa tu. Bibi anaweza kusema kule, sisi hatuwezi."

Wakatazamana.

"Mpya yuko kule," Inspekta akasema.

"Ana hedifoni."

"Bibi ana sauti kiasi gani?"

Mkasi akauchomeka ule waya, akakizungusha kifundo cha sauti mpaka kikagoma. Mstari wa kunakili ukafika mwisho. Inspekta akachomoa kijidiski, akakifumbata. Mzee akairudisha faili mwanzo.

Upande wao hapakuwa na kitu. Sauti yote ilikuwa imekwenda ng'ambo, na wao walibaki wakitazama mawimbi ya kijani yakipanda na kushuka skrini nzima, maneno ya mtu yasiyosikika, huku betri ikilia mfululizo kama mtoto. Mkasi alikuwa akiyafuata mawimbi kwa kidole. "Hapa anasema tajiri," akanong'ona. "Hapa komeo." Kisha skrini ikameza mwanga wake. Betri ikanyamaza. Giza likawa moja.

Kulikuwa na pumzi mbili tu na joto. Mkasi akaanza kusukuma mlango tena kwa bega, taratibu. Safari hii Inspekta akaweka bega lake kando ya la mzee.

Kitasa kikazunguka.

Mwanga wa korido ulikuwa hafifu, lakini uliwafanya wafumbe macho. Mpya alikuwa amesimama na hedifoni mkononi, mdomo wazi.

"Nilidhani spika imepandwa na jini," akasema. "Yule baba... alisema 'wanasema'. Kulikuwa na 'wanasema' mbele ya maneno yale matatu."

"Umeisikia yote?"

"Mpaka mikono. Nimeisikia yote, afande." Akageuka nusu. "Na yeye ameisikia. Alikuja kuniambia niende nyumbani."

Meneja wa ufundi alikuwa mwisho wa korido, ameupa mgongo mlango wa kutokea. Nje ya mlango huo, kupitia kioo, taa za gari la polisi zilikuwa zinaingia uani. Hakuwa na pa kwenda. Kipini chekundu cha bisibisi kilichungulia kwenye mfuko wake wa nyuma.

Inspekta akamwendea bila haraka, akanyoosha mkono. "Nipe."

Akampa.

"Mjomba alinilea," akasema. "Baba alipokufa, ndiye aliyenichukua. Nguo, shule, kazi hii. Akiniita saa yoyote, naenda. Alisema ni kukata kidogo tu. Neno moja mbele, na yale ya nyuma. Ningemwambia nini?"

"Na waliokuwa nyuma ya mlango," Inspekta akamuuliza, "wao walilelewa na nani?"

Mkasi akaja akiburuza kandambili, akasimama mbele ya mtu aliyekuwa ameongoza naye maasi siku zile. Alimtazama ile nembo kifuani, halafu mkono.

"Ungekuja kwangu nikufundishe upya vitufe vya Bibi," akasema. "Angalau ungetenda uovu kwa ufundi."

"Mzee, samahani."

"Usiniombe mimi. Mimi nimefungiwa jioni moja tu."

Askari wawili wakaingia, wakamchukua. Inspekta akamtuma wa tatu aibebe Bibi kwa mikono miwili na asiichomeke popote karibu na mtandao. Mkasi akamfuata askari huyo hatua kwa hatua, akimkaripia: "Taratibu! Huyo ni mama mkubwa wako, usimpigize ukutani!" Mpya akashika upande wa pili wa mashine bila kuombwa.

Mapokezi palikuwa patupu. Mfagiaji alikwisha kupandisha viti juu ya meza. Benchi moja tu lilikuwa bado na mtu: mtoto wa mlinzi, mkoba magotini, futi ya cherehani imening'inia shingoni. Alimwona meneja akipitishwa na pingu, akaona mashine ikipita kama jeneza, akainuka.

"Afande, nini kimetokea?"

"Tumempata baba yako."

"Baba yangu yuko rumande. Hajapotea."

"Alikuwa amepotea. Walimwachia maneno matatu, mengine wakayazika." Inspekta akafungua kiganja. Kijidiski kilikuwa kimejaa jasho. "Yako humu. Ulisema kweli, dada. Ana maneno marefu."

Yule dada akakitazama, hakukigusa. "Na kesho? Wenye magari watakuja na mawakili wao. Watasema imechelewa. Watasema si yake. Wataifunga kesi kabla haijaanza, nawajua."

Inspekta akakirudisha kijidiski mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko mbele ya macho yake. Kisha akasema kwa sauti, mpaka Mkasi na Mpya wakasimama uani na mzigo wao kusikiliza:

"Kesho baba yako atazungumza mahakamani kuanzia kikohozi mpaka neno la mwisho, na yeyote atakayenyoosha mkono kumkata atanikuta mimi. Nitasimama mlangoni mwenyewe, mwanangu. Mlango ule hautafungwa."